Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha na Gavana wa Benki Kuu: kinachotozwa kodi kipewe sheria

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Ndugu Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,
Nakala: Mamlaka ya Mapato, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na waheshimiwa wabunge wa Kamati ya Bajeti.

Salamu kwenu nyote. Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Mwanza. Kibanda changu kiko Kirumba, njia ya kwenda soko la samaki la Mwaloni, na nimekaa kwenye dirisha hilo tangu mwaka 2010. Wateja wangu ni wauza dagaa, wapakiaji, madereva wa bajaji, wanafunzi wa vyuo, mama lishe, na wageni wanaofuata mzigo kutoka Congo, Burundi na Rwanda. Sijasomea uchumi. Ninachokijua ni namna hela inavyoingia na kutoka mikononi mwa watu, kwa sababu inapita mbele ya macho yangu kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku.

Nawaandikia kuhusu sarafu za mtandaoni, hizi ambazo mtaani tunaziita kripto. Huenda mtu akashangaa wakala wa Kirumba anahusikaje na mambo hayo. Nahusika. Hela kabla haijawa kripto ni shilingi, na shilingi hiyo mara nyingi inaingizwa kwenye simu kupitia dirisha kama langu.

Februari 2025 alikuja mama mmoja tuliyezoeana miaka mingi. Anaanika na kuuza dagaa Mwaloni. Simtaji jina, aibu aliyoibeba inamtosha. Aliweka shilingi 305,000 kwenye laini yake, akasogea pembeni ya dirisha akaanza kuzituma. Jina la mpokeaji lilipotokea akasita, akanigeuzia simu.

"Kaka, hili jina nalo si lile la wiki iliyopita. Ni sawa kweli?"

Nikamuuliza hela ni ya nini. Akaniambia, "Ya kodi. Nikilipa hii wananifungulia yote."

Akanionyesha. Ilikuwa programu yenye rangi ya kijani, juu kabisa pameandikwa salio lake: dola 3,914. Chini ya salio kulikuwa na mstari unaopanda na kushuka, haukutulia hata sekunde moja. Kitufe cha kutoa hela kilikuwa cha kijivu, unakibonyeza hakiitiki. Na juu ya kitufe, kwa Kiswahili kilichonyooka, palikuwa na ujumbe kwamba kwa mujibu wa sheria ya kodi ya Tanzania mteja anatakiwa kulipa asilimia 3 ya salio kabla ya kutoa. Mama alikuwa ameshapiga hesabu kwa kalamu kwenye karatasi ya kufungia sukari: asilimia 3 ya 3,914 ni dola 117 na ushee, na kwa bei ya siku ile ni laki tatu na elfu tano. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Hata asilimia yenyewe ilikuwa sahihi, ni ile ile iliyomo kwenye Sheria ya Fedha ya mwaka 2024.

Nikamwambia asitume. Lakini alikuwa ameshaingiza 2,860,000 kwa mafungu 11 ndani ya wiki saba, sehemu yake ikiwa hela ya kikoba, na siku ya kuvunja kikoba ilikuwa imekaribia. Mtu aliyefika hapo hasikii neno "acha". Akatuma. Kesho yake programu haikufunguka tena.

Mafungu yote 12 aliyaweka kwenye dirisha langu, na kwa kila fungu mimi nilipata kamisheni. Jambo hilo linanikaa rohoni mpaka leo.

Tulikwenda wote wawili kwenye kituo kimoja cha polisi. Askari aliyetupokea alikuwa muungwana, alitupa viti na kutusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, biashara hii Benki Kuu ilishaikataza. Nikikuandikia maelezo, mstari wa kwanza ni kosa lako mwenyewe." Mama akaikunja ile karatasi ya sukari, akaifunga kwenye upindo wa kanga yake. Tukarudi.

Waheshimiwa, hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tapeli alitumia sheria yenu ya kodi kumwaminisha mama kwamba yuko mahali salama. Askari akatumia katazo lenu kumrudisha nyumbani. Kodi na katazo ni vya serikali moja, na vyote viwili vipo kweli.

Nirudi nyuma kidogo ili tuelewane. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa taarifa kwa umma kwamba fedha halali nchini ni shilingi peke yake, na kwamba kuuza, kutangaza na kutumia sarafu hizi ni kukiuka kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja hapa hapa Mwanza kuzindua jengo la Benki Kuu, na katika hotuba yake akaitaka Benki ianze kujiandaa kwa ajili ya sarafu hizo ili zisije zikatukuta hatuna utaratibu. Lilikuwa neno la busara. Ila mtaani wengi hawakusikia "jiandaeni", walisikia "ruksa". Mwezi ule ule nilianza kuona vijana wakikaa kwenye benchi langu wakifundishana namna ya kununua. Taarifa ya 2019 haikufutwa, sheria mpya haikuja. Halafu Julai 2024 ikaanza kodi: mwenye jukwaa la kubadilishana mali za kidijitali, yaani kripto na zinazofanana nazo, akimlipa mkazi wa Tanzania anapaswa kukata asilimia 3 na kuipeleka TRA.

Mwanasheria anaweza kunieleza kwamba kutoza kodi si kuhalalisha, kwamba hata pato la haramu linaweza kutozwa. Nakubali. Lakini yule mama hakusoma sheria. Alisikia redioni kwamba serikali inakata asilimia 3, akajua jambo hili lina mwenyewe, na kwamba likiharibika kuna mlango wa kubisha. Mimi niliyekaa dirishani miaka yote hii nilijua hivyo hivyo mpaka siku tuliyotoka kituoni.

Viwango vya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya fedha haramu, vinaiachia nchi uhuru wa kuchagua. Ama iwape leseni wanaofanya biashara hii na kuwasimamia, ama ipige marufuku na kulisimamia katazo lake kwa vitendo. Sisi tuliwekwa kwenye orodha yao ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022 na tukatoka Juni 2025, na najua watu wenu walifanya kazi kubwa sana kututoa. Hata kwetu mawakala tuliona mabadiliko, kuanzia utambulisho wa wateja mpaka kumbukumbu. Kwenye kripto bado hatujachagua. China ilichagua Septemba 2021: ikapiga marufuku miamala yote. Ni njia mojawapo. Mkiamua hivyo, tangazeni hivyo, ondoeni kodi, na muwaelekeze polisi kwamba aliyeibiwa ni mlalamikaji, aandikiwe jalada kama aliyeibiwa pikipiki.

Mimi kwa ninavyoona, katazo halitashika, na sababu yake ninaiona Mwaloni kila wiki.

Kuna kijana anasafirisha dagaa kwenda Lubumbashi. Mwaka 2023 na 2024, dola zilipoadimika nchini, mteja wake wa kule alikuwa na dola na yeye alikuwa na mzigo, lakini kuifikisha hela Mwanza ilikuwa shughuli: siku kadhaa benki, makato huku na kule, maswali juu ya maswali. Mtu akamfundisha kupokea USDT, ile sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola. Hela inaingia ndani ya dakika chache. Kisha anaiuza kwa mtu kwenye kundi la simu, anapokea shilingi kwenye laini yake, anakuja kutoa kwangu na kulipa wapakiaji. Kijana huyu hachezi kamari. Hajui hata bei ya bitcoin ni ngapi leo. Ametafuta njia ya kulipwa dagaa zake.

Siku moja aliuza USDT, shilingi zikaingia, akafurahi. Baada ya siku mbili laini yake ikafungiwa. Kumbe zile shilingi zilitoka kwa mtu mwingine aliyetapeliwa mkoa wa mbali, tapeli akazitumia kununulia USDT kwa kijana wetu. Mwenye hela akalalamika, na laini ya mwisho kuzipokea ikawa ya kwake. Wiki tatu hana laini, dagaa ziko ghalani, na hawezi kueleza shilingi zile ni malipo ya nini bila kutaja neno linalomtia hatiani. Mpaka leo anaendelea na njia hiyo hiyo, isipokuwa sasa anatumia laini ya mdogo wake.

Hicho ndicho katazo linachozaa. Watu hawaachi, wanaingia ndani zaidi. Nigeria walipita huko. Februari 2021 benki kuu yao iliziamuru benki kufunga akaunti za wanaofanya biashara ya kripto, watu wakahamia kuuziana mtu kwa mtu kwenye simu, mahali ambapo hakuna jicho linaloona. Desemba 2023 amri ile ikalegezwa, na sheria yao ya uwekezaji ya 2025 ikaziweka mali hizi chini ya tume ya masoko ya mitaji. Karibu miaka mitatu ilipita, na waliojua kujificha ndio walioneemeka.

Sasa nije kwenye ombi langu kubwa, ambalo ningependa likae juu ya mengine yote hata kama hayo mengine yatachelewa. Hela ya mteja itenganishwe na hela ya kampuni.

Hili tunalijua kwa sababu tumeliishi. Hela za simu zilipoingia nchini mwaka 2008 hapakuwa na sheria yake. Benki Kuu haikukataza, na wala haikukaa kimya. Iliruhusu kwa barua, kampuni ya simu ikishirikiana na benki, kwa sharti kwamba kila shilingi inayoonekana kwenye simu ya mteja iwe na shilingi mwenzake imelala kwenye akaunti ya amana ndani ya benki, na kampuni isiiguse kwa matumizi yake. Baadaye, mwaka 2015, ikaja Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa na kanuni zake, na lile sharti likapata mizizi ya kisheria. Nakumbuka mwaka 2014 Tigo walipoanza kuwagawia wateja na mawakala faida iliyotokana na akaunti hiyo ya amana. Ilikuja meseji ya gawio. Mpaka siku ile sikuwa nimeelewa kwamba floti yangu, ile hela ya mtaji wa wakala inayokaa kwenye laini, ina mahali inapolala usiku. Nilidhani iko ndani ya simu.

Mimi nimeibiwa dirishani, nimepewa noti bandia, nimekosea namba nikatuma hela kwa asiyehusika. Lakini kwa miaka yote hiyo sijawahi kulala nikiwaza kwamba mkubwa wa kampuni ameichukua floti yangu akanunulia nyumba. Utulivu huo ulitengenezwa na Benki Kuu, na uliletwa na sharti moja linaloeleweka.

Kwenye kripto mambo yalikwendaje huko nje? Novemba 2022 kampuni ya FTX, mojawapo ya masoko makubwa kabisa duniani, ilifilisika. Hela za wateja zilikuwa zimehamishiwa kwa kampuni dada, Alameda, ikazichezea. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 Machi 2024. Wateja wengi duniani walisubiri zaidi ya miaka miwili kwenye foleni ya mfilisi. Lakini wateja wa tawi lake la Japani walianza kutoa hela zao Februari 2023, miezi mitatu tu baada ya anguko. Jina la kampuni lilikuwa lile lile, na mabosi wale wale.

Tofauti ilikuwa sheria ya Japani, na sheria hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2014 soko la Mt. Gox la Tokyo lilianguka, bitcoin zipatazo 850,000 zikaripotiwa kupotea, ingawa baadaye kama 200,000 zilipatikana. Wajapani wakakaa chini. Kufikia Aprili 2017 walikuwa na sheria inayodai usajili na kutenganisha mali ya mteja. Januari 2018 wezi wakaiba sarafu za zaidi ya dola milioni 500 kwenye soko jingine, Coincheck, kwa sababu zilihifadhiwa mahali palipounganishwa na intaneti muda wote. Wakakaa chini tena, wakakaza: sehemu kubwa kabisa ya sarafu za wateja ihifadhiwe nje ya mtandao. Kila msiba uliacha kifungu kwenye sheria. Ndiyo maana FTX ilipoanguka, hela ya mteja wa Tokyo ilikuwa bado mahali pake.

Sisi misiba tumeshaipata pia. Wakubwa wenzangu wanaikumbuka DECI, watu walivyopanga foleni "kupanda mbegu" ili wavune, mpaka serikali ilipoifunga mwaka 2009. Wa leo hawahitaji hata kupanga foleni, wanapandia kwenye simu wakiwa kitandani. Sura ni mpya, jina ni kripto, lakini mchezo ni upatu ule ule, na mara nyingi hakuna sarafu yoyote inayonunuliwa humo ndani. Programu ya yule mama nina hakika haikuwa na sarafu. Ilikuwa picha ya mstari unaocheza. Sheria ikiwepo, ikasema nani ana leseni, itatusaidia kutofautisha soko la kweli na picha. Sasa hivi vyote viwili haviruhusiwi, kwa hiyo machoni pa mteja vinafanana.

Na orodha mnajua kuitoa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Niliichapa orodha ile nikaibandika ukutani kwa gundi. Watu waliisoma! Walisimama wakipitisha kidole mstari kwa mstari, wengine wakifuta programu palepale kwenye benchi. Tunaomba orodha kama hiyo ya majukwaa ya kripto, walio na leseni upande mmoja na matapeli waliotambuliwa upande wa pili, na iwe inaongezwa kila mwezi, kwa sababu programu hizi zinabadilisha jina kila zinapoiba.

Kuhusu kodi nitasema kwa kifupi, maana wapo wanaoijua kuliko mimi. Asilimia 3 inakatwa kwenye malipo yote, haiulizi faida. Chukueni kijana anayenunua USDT 1,000 na kuziuza kwa kuongeza shilingi 10 kwa kila moja. Faida yake ni 10,000. Muamala wake, kwa bei ya shilingi 2,600, ni 2,600,000, na asilimia 3 yake ni 78,000. Atakayelipa hiyo ni nani? Atahamia kwenye kundi la simu ambako hakuna jukwaa la kukata chochote, na TRA itakosa hela na taarifa kwa pamoja. Kenya walianza kama sisi, kodi ya asilimia 3 ya thamani ya muamala kuanzia Septemba 2023, na mwaka 2025 wakaifuta wakaweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada wanazotoza watoa huduma. Tujifunze kwa jirani kabla hatujapoteza miaka mingine.

Kenya pia wamepitisha sheria yao ya watoa huduma za mali hizi, ikasainiwa Oktoba 2025. Wamegawana kazi: benki kuu yao inaangalia upande wa malipo na uhifadhi, mamlaka ya masoko ya mitaji inaangalia masoko ya kununulia na kuuzia. Sisemi tuinakili. Nasema hata sisi tuambiwe nani ameshika nini. Tukipiga simu Benki Kuu tusielekezwe Masoko ya Mitaji, na Masoko ya Mitaji wasituelekeze TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na tukichelewa, wafanyabiashara wetu wataanza kujisajili Nairobi, wachukue hela za Watanzania wakiwa na leseni ya kule, halafu ugomvi ukitokea twende tukalalamike kwenye mahakama za nchi nyingine.

Ninaelewa wasiwasi wenu juu ya shilingi. Mwaka 2025 mlitoa kanuni za kuzuia bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, na mimi niliunga mkono, maana hata vyumba vya kupanga mjini vilikuwa vinatajiwa dola. Hizi sarafu zinazofuata dola zinaweza kurudisha dola kwa mlango wa nyuma, hilo ni kweli kabisa. Lakini kitu kinachopita gizani hakipimiki. Mkiwa na wauzaji wachache wenye leseni, wanaotoa taarifa kila wiki ya kiasi gani kimeingia na kutoka, mtajua ukubwa wa tatizo. Leo mnakisia, na sisi tunakisia pamoja nanyi.

Msiogope kuanza kidogo. Benki Kuu tayari ina kanuni za mwaka 2023 za kujaribia huduma mpya za kifedha chini ya uangalizi. Chukueni kampuni mbili au tatu, ziwekeeni kikomo cha muamala, zilazimisheni kutenganisha hela za wateja, ziunganishe laini na akaunti za wateja wao na namba za vitambulisho vya NIDA, na wafanyabiashara wa Mwaloni wanaolipwa kutoka Congo wawe wateja wa kwanza. Nina hakika yule kijana wa Lubumbashi atakuwa wa kwanza kujiandikisha. Amechoka kujificha kwa laini ya mdogo wake.

Na mtakapoandika rasimu, tafadhali iandikeni kwa Kiswahili na mje kuisoma hapa sokoni. Maoni ya wadau yasiishie kwenye ukumbi wa hoteli Dodoma, walikoalikwa mabenki na kampuni za mawakili. Njooni saa nne asubuhi, dagaa zikiwa zimeshaanikwa na watu wamekaa chini ya kivuli. Mtaulizwa maswali ambayo hakuna mtaalamu atakayewauliza. Kwa mfano, mwezi uliopita bibi mmoja aliniuliza: mtu akifa na hizi hela zipo kwenye simu, mirathi inafunguliwa wapi? Sikuwa na jibu.

Lipo jambo moja ambalo halihitaji sheria mpya wala Bunge. Ni waraka wa ukurasa mmoja kutoka kwenu kwenda Jeshi la Polisi, unaosema kwamba mtu akitapeliwa kwa jina la kripto ameibiwa, aandikiwe maelezo, asiogopeshwe kwa taarifa ya 2019. Laini zote nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole. Yale majina tofauti tofauti yaliyotokea kwenye simu ya yule mama yana watu, watu wana vidole, na vidole viko kwenye mfumo. Hela aliyotuma ilipita kwenye laini za Kitanzania kwa shilingi za Kitanzania, ikatolewa kwenye dirisha la wakala mwenzangu mahali fulani. Hapo hapakuwa na kripto yoyote ya kuwashinda wapelelezi.

Yule mama alilipa deni la kikoba kwa kuuza cherehani na mabati aliyokuwa amenunua ya kumalizia jiko. Kwenye kikoba hakumwambia mtu sababu, alisema amepata matatizo ya kifamilia. Bado anapita dirishani kwangu, ananisalimia, ila siku hizi hela anaweka mkononi.

Meseji 12 za miamala yake bado ziko kwenye simu, hajafuta hata moja. Kwenye daftari langu ziko tarehe, saa na kiasi cha kila fungu aliloweka, kuanzia la kwanza la shilingi 100,000 mpaka lile la "kodi". Amenipa ruhusa kuziwasilisha kwa yeyote atakayekubali kuzipokea. Nafungua saa moja asubuhi, Jumapili baada ya ibada.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakala wa miamala ya simu,
Kirumba, Mwanza